Shajara ya mradi: 115 ipigike kutoka chumba cha kujifungulia

Mwanzo wa Februari

Zahanati tunayoifanyia kazi iko bondeni, Usambara Magharibi, wilaya ya Lushoto, kwenye vijiji vya njia ya kwenda Mtae. Ukitazama ramani, mnara wa simu hauko mbali. Tatizo ni mgongo wa kilima uliojaa mikaratusi, umekaa katikati ya zahanati na mnara. Ndani ya jengo, chini ya mabati, simu huonyesha mstari mmoja, mara inaandika "Simu za dharura tu", mara mstari unarudi. Nesi akitaka kuongea na mtu kwa uhakika hupanda hadi kona ya shamba la mahindi la jirani, penye jiwe kubwa. Kitongoji kizima kinapajua pale, ndipo panapopigiwa simu. Lakini saa nane usiku, ukungu umeshuka na mama yuko kitandani anatoka damu, jiwe lile liko mbali mno.

Lengo la kwanza nililoandikiana na mganga mfawidhi na mwenyekiti wa kijiji ni hili: 115 ipigike kutoka chumba cha kujifungulia, saa yoyote. Hiyo ni namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ambao ulizinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Anayepokea simu yuko kituo cha uratibu, naye ndiye anayetafuta gari la wagonjwa, au dereva wa kijamii aliyesajiliwa kama gari la wagonjwa liko mbali. Mpango ni mzuri na umeokoa watu. Lakini wote unaanzia kwenye simu moja kutoka, na hapa kwetu simu haitoki.

Lengo la pili ni taarifa za MTUHA, zile za huduma za afya zinazotumwa kila mwezi, ziingie kwenye mfumo kwa kishikwambi bila nesi kusafiri hadi mjini kila mwisho wa mwezi.

Tumekubaliana pia kitu ambacho hatutafanya. Hatufungi mashine ya kukuza mawimbi na kuyarusha upya. Mashine hizo zinataka kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ikifungwa vibaya inapiga kelele masikioni mwa mnara, wateja wa tarafa nzima wanakosa mtandao. Tutatumia vitu visivyoongeza nguvu hata kidogo: mahali pa kuweka simu, antena, waya, na mipangilio ya simu yenyewe.

Wiki iliyofuata: kupima

Mistari ya mtandao haipimi kitu. Kila kampuni inayotengeneza simu hujipangia yenyewe mstari wa pili uwashwe lini, ndiyo maana simu mbili juu ya meza moja, laini za mtandao mmoja, moja inaonyesha mitatu na nyingine mmoja. Kwa hiyo tunasoma dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi yaliyoifikia simu. Kwenye simu nyingi za Android ukibonyeza *#*#4636#*#* unafunguka ukurasa wa taarifa za simu, na namba iko humo. Namba zote ni hasi. Kwa 2G, -60 ni mtandao wa kutamba, -90 unaongea vizuri, -105 uko ukingoni. Kila ikishuka 3, nguvu iliyofika imepungua nusu. Toka -90 hadi -105 si tofauti ya kumi na tano, ni mara thelathini na kitu.

Tulianzia chumba cha kujifungulia. Juu ya meza ya vifaa ilikuwa -106. Dirishani -99. Nje, chini ya mchongoma, -97. Kwenye lile jiwe la shambani -86. Bati ndilo linalokula zaidi. Ukuta wa tofali za kuchoma unapitisha kiasi, na sehemu kubwa ya mtandao unaoingia ndani unapitia madirishani.

Dirishani pale niliisogeza simu polepole kwenye kizingiti, kama upana wa kiganja tu. Ilianza -99, ikaanguka hadi -108, ikapanda hadi -96, bila mimi kuondoka nilipokuwa nimesimama. Mawimbi ya 900 MHz yana urefu wa sentimita 33 hivi. Yanapofika bondeni yamekwisha gonga miti, mabati na mawe, yanakuja kwa njia nyingi. Pengine yanaongezana, pengine yanauana. Ndiyo maana kina mama wa huku wana msumari maalumu dirishani wa kutundika simu na hawataki mtu auhamishe. Wako sahihi kabisa. Ukiutoa msumari ule na kuupigilia kando kidogo, unaweza kuwa umeondoa mtandao wa nyumba nzima.

Juu ya mgongo wenyewe tulikuta jambo jingine. Upande wa tambarare ya Mkomazi kuko wazi, macho yanafika mbali, na simu ilinasa mnara wa huko chini kwa -88. Kijana mmoja akafurahi, akataka tuelekeze kila kitu huko. Simu ikagoma kupiga. Nikamwonyesha kwenye ramani: mnara ule uko mbali kuliko kilomita 35. Kwenye 2G kila simu hupewa kipande chake cha muda cha kusema, na mnara huiambia iwahi kiasi gani ili sauti ifike kwa zamu yake. Hatua za kuwahi zinaishia 63, kila moja kama mita 550. Ukivuka hapo unausikia mnara vizuri, lakini wewe unafika umechelewa na zamu imeshapita.

Katikati ya Februari: nani hasikiki

Watu wengi hudhani mtandao dhaifu maana yake ni mnara hautufikii. Hapa bondeni mara nyingi mnara unatufikia. Sisi ndio hatuufikii. Mnara unarusha kwa makumi ya wati. Kiswaswadu kwenye 2G ya 900 kina wati 2 basi. Simu janja ikiwa kwenye 4G inaishia wati 0.2. Ni kama mwenye kipaza sauti kilimani anaongea na mtu wa bondeni anayejibu kwa mdomo mtupu: wa bondeni anasikia kila neno, wa kilimani anauliza "unasemaje?" Minara ina masikio mazuri kufidia hilo, antena ndefu na vipokezi vyema, lakini pakiwa na kilima katikati fidia haitoshi.

Ukishalielewa hilo, malalamiko mengi ya watu yanaeleweka. "Naona mtandao lakini simu haitoki": mistari inapima kinachoshuka, haipimi kinachopanda. "Ananisikia kwa kukatika, mimi namsikia vizuri": ni hilo hilo. "Hapa chaji haikai": simu iliyo karibu na mnara hupunguza sauti yake hadi sehemu ndogo sana ya uwezo, iliyo bondeni inapiga kelele kwa nguvu zote muda wote, na mtandao ukipotea inahangaika kupekua masafa yote upya. "Meseji inapita, simu inakata": meseji ina baiti 140 tu, inapita kwenye njia ya mawasiliano ya simu na mnara, ikigonga ukuta inarudiwa. Sauti haiwezi kusubiri kurudiwa. Menyu ya kutuma pesa iko katikati. Inataka maswali na majibu kadhaa ndani ya muda uliowekwa, jibu moja likichelewa unaanza upya.

Jambo moja la mbali linalonitia moyo. Aprili 2023, mtu wa Texas alipiga simu kwenda Japani kwa Samsung ya kawaida, isiyobadilishwa chochote, kupitia setilaiti ya majaribio ya BlueWalker 3 iliyo kama kilomita 500 juu ya dunia. Simu haikuongezewa nguvu. Kilichofanyika ni kuitengenezea sikio kubwa, antena ya mita za mraba 64, na katikati hapakuwa na kilima. Sisi hatuwezi kugusa sikio la mnara. Tunaweza kuisaidia simu yetu itupe sauti yake yote upande mmoja badala ya kuimwaga pande zote.

Baada ya gulio: vifaa

Simu za mkononi za siku hizi hazina tundu la antena. Tumepata simu ya mezani inayotumia laini, ile ya 2G yenye kijiti cha antena kinachofunguka nyuma. Inarusha wati 2 kama kiswaswadu, ina betri yake ndani, na haipotei mfukoni mwa mtu. Hiyo itakaa chumba cha kujifungulia.

Antena ni yagi, ya aina ile ile ya televisheni za zamani, ila fimbo zake ni fupi, kama sentimita 16, kwa sababu ya masafa. Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi wa Japani waliitangaza kwa dunia mwaka 1926 na mpaka leo hakuna kitu rahisi kinachoishinda kwa kazi hii. Yetu inaongeza desibeli 10 hivi, yaani inapandisha namba ya dBm kwa 10, upande iliouelekea, na inaongeza kwa kusikia na kwa kusema pia. Hapo ndipo inapoipita mipangilio yote ya simu.

Waya ndio uliotuweka dukani muda mrefu. Muuzaji alitoa ule mwembamba wa RG58, akasema ndio wa antena. Kwa masafa haya RG58 hula karibu nusu desibeli kila mita. Kutoka nguzoni hadi mezani ni mita 15, kwa hiyo desibeli saba au nane zingeishia njiani, na yagi ingebaki pambo. Tukachukua waya wa dishi, RG6, ambao unakula kama desibeli tatu kwa urefu ule ule. Ni wa omu 75 na simu inataka 50. Mafundi wengi wanaukataa kwa sababu hiyo, lakini hasara ya kutolingana huko ni ndogo, chini ya robo desibeli kwa hesabu ya kitabu. Upo waya bora kuliko huu, mnene kama kidole, bei yake haikamatiki na haupatikani Lushoto mjini.

Mwisho wa Februari: kusimamisha

Nguzo ni bomba la inchi mbili, limefungwa ukutani kwa mabano, kichwa chake kinapita paa kwa mita tatu. Mafundi wa kijiji walilisimamisha asubuhi moja. Kazi ngumu ilikuwa kutafuta uelekeo.

Nilianza kwa kuielekeza yagi kwenye kilima, palipo mnara nyuma yake. -94. Nikaipandisha pua kidogo ilenge ukingo wa juu, maana mawimbi ya masafa ya chini hujikunja kidogo yanapopita juu ya mgongo. -91. Si mbaya. Kijana aliyekuwa juu ya ngazi nikamwambia aizungushe taratibu duara zima kabla ya kukaza, huku mimi nasoma namba. Ikashuka hadi -103, ikabaki huko, halafu ilipogeukia ng'ambo, ikiupa mnara mgongo kabisa, ikapanda: -95, -90, -84.

Ng'ambo kuna jabali tupu, kijivu, linalong'aa mvua ikinyesha. Mnara unaliona jabali lile, na sisi tunaliona. Mawimbi yanaruka kilima juu juu, yanagonga mwamba, yanarudi bondeni. Njia ni ndefu zaidi lakini haina mti hata mmoja. Simu za 2G zimetengenezwa zivumilie nakala za sauti zinazochelewa hadi mikrosekunde 16, yaani sehemu 16 kati ya milioni za sekunde moja, sawa na karibu kilomita tano za njia ya ziada, na kwetu tofauti haifiki huko. Tukakaza boliti hapo hapo.

Mzee mwenye shamba alikuwa chini akitazama. "Mnaupa mgongo mnara?" Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee, tunauchungulia kwenye kioo." Akaangalia jabali, akacheka, akasema hata zamani wakiita mtu wa ng'ambo sauti hurudi kutoka pale.

Maungio ya nje tumeyazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli vikiwa vimevutwa, juu yake utepe mweusi. Maji yakiingia kwenye waya wa dishi, ule uzi wa ndani unageuka kijani na desibeli zinaondoka kimya kimya mwezi hadi mwezi.

Ndani, kwenye meza ya vifaa, simu ya mezani inasoma -87. Ilikuwa -106.

Machi: majaribio

Tuliongea kwanza na kituo cha uratibu kabla ya kupiga, laini ya dharura haichezewi. Nesi ndiye aliyepiga. Wa upande wa pili akamsikia mara ya kwanza, hakuuliza tena. "Mwanangu, sikupandisha hata sauti," akaniambia. Kwangu hicho ndicho kipimo. Simu nyingine zote nilizomwona akipiga pale shambani alikuwa anapiga kelele.

Tumepanga pia simu za watumishi. Zile za laini mbili, laini isiyo na mtandao bondeni tumeizima, maana inakula chaji kwa kutafuta mnara usiokuwepo. Kwenye mipangilio tumechagua 2G peke yake wakiwa kazini. Watu huona ni kurudi nyuma. Kwa mnara huu 4G iko 1800 MHz, inashindwa kujikunja juu ya kilima, na simu ikiing'ang'ania inabaki na zile wati 0.2. Ikilazimishwa kukaa 2G ya 900, inapatikana. Simu ikiwa imetulia haiongei na mnara muda wote. Inalala na kuamka kila baada ya nusu sekunde hadi sekunde mbili kusikiliza kama inaitwa, kisha mara moja moja inajitambulisha kuwa bado ipo. Ikishindwa kujitambulisha, mtandao unaiandika haipo, na anayempigia nesi anaambiwa namba haipatikani kwa sasa, hata kama simu iko mkononi mwake inawaka. Chaji ya simu ya nesi sasa inafika asubuhi.

Aprili: masika

Mvua za kweli zimeanza. Nilitaka kuona namba zitafanyaje, na zimebaki pale pale. Majani ya mikaratusi yaliyolowa yanapunguza moja au mbili basi, na njia yetu ya jabali haipiti kwenye miti. Kwa masafa ya 900 mvua ni kama haipo.

Lakini siku moja ya radi simu ilisoma -87, mistari imejaa, na hakuna kilichotoka. Si simu, si meseji. Mnara una njia mbili: ya kuja kwetu, na ya kuunganishwa na minara mingine kwa dishi zile za duara zinazotazamana. Dishi hizo hutumia masafa ya juu sana, na huko mvua kubwa inakula kweli. Ikikatika, mnara unabaki unaimba peke yake, simu zote zinauona, hauna pa kupeleka maneno. Kabla mafundi hawajaja, mtandao ulirudi wenyewe mvua ilipopungua.

Kwa hali hiyo antena haisaidii. Tumeweka utaratibu: kiswaswadu cha pili chenye laini ya mtandao mwingine, kimetundikwa kwenye msumari wa dirisha la chumba cha dawa, mahali tulipopima na kupiga alama kwa kalamu. Mnara wake ni mwingine na njia yake ni nyingine. Mtandao huo ni -101, unakwaruza, lakini unatosha kusema neno moja: "Mama, damu, zahanati yetu."

Mwisho wa Aprili: kishikwambi

Hapa nilibadilisha mtazamo wa watu kuliko vifaa. Mganga mfawidhi alitaka intaneti ndani ya zahanati saa zote. Taarifa za MTUHA haziihitaji saa zote. Mfumo wa DHIS2, ambamo taarifa hizo huingizwa, una programu ya Android inayokubali kujazwa bila mtandao. Inahifadhi kila kitu ndani ya kishikwambi na kupeleka ikipata njia. Kwa hiyo nesi anajaza kutoka kwenye vitabu akiwa mezani kwake, na mlinzi akipanda jioni kufunga mbuzi wake hupita na kishikwambi kwenye jiwe la shambani, penye 4G ya kubahatisha. Kinatuma chenyewe akiwa anafunga kamba. Taarifa ya Machi ilifika kwa wakati, na nesi hakupanda gari.

Kinachoweza kusubiri tukiache kisubiri, njia yetu nyembamba ibaki kwa kisichoweza kusubiri.

Mei

Nimeambiwa na nesi kwamba 115 imetumika usiku, kwa kweli, kutoka pale mezani. Gari lilifika. Mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa, sitaandika zaidi ya hapo.

Yaliyobaki. Waya wa kupeleka radi ardhini umefungwa kwenye bomba, lakini udongo wa pale ni mwamba na fimbo haikuzama vya kutosha. Tunachimba upande wa chini wa jengo ambako kuna unyevu. Betri ya simu ya mezani inachajiwa na sola ile ile ya friji ya chanjo, na hilo silipendi: friji haiguswi. Tunatafuta paneli yake ndogo.

Zahanati ya bonde linalofuata wameomba tuwafanyie. Tumepima huko mahali pote, paa, shambani, ng'ambo ya mto. Namba nzuri kuliko zote ilikuwa -109, na hakuna jabali. Yagi haiwezi kukusanya kisichofika. Kule panahitajika mnara. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mwaka 2023 mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na kata zisizofikiwa bado zinaendelea kuomba. Vipimo vyetu vyote, pamoja na mchoro wa bonde na mahali tulipouona mgongo ulio wazi kwa pande zote mbili, tumeviambatisha kwenye barua ya kijiji. Mtendaji wa kata ameipokea na kuigonga muhuri, inapelekwa halmashauri wiki hii.